Tumbo la Ijumaa

Bwenini
Jumapili, 9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana baba anasema tangu uwe muuguzi hujakalia kiti zaidi ya dakika tano. Sisi hatujambo. Mgongo wa baba bado unamsumbua na bado anakataa kwenda kupimwa, anasema atapimwa na dada yake siku atakayokuja. Mama amepaka rangi mlango wa mbele, kijani ambacho hakuna aliyekipenda isipokuwa yeye. Bibi ananiuliza kila likizo kama huko kilimani hakuna njia ya kurudi. Huu ni mwaka wa pili hujafika. Nimemwambia una kazi nyingi. Sijui kama ndiyo sababu, lakini ilinibidi nimjibu kitu.

Sijui kama baba alikuambia kwamba tangu Septemba mimi ni kiranja wa afya. Natunza daftari la wagonjwa. Kila anayeumwa namwandikia mstari wake: tarehe, jina, anaumwa nini, katoka saa ngapi, kasindikizwa na nani, karudi lini. Kisha anavuka barabara kwenda kituo cha afya. Mwalimu wetu wa darasa ameusifu mwandiko wangu mbele ya wenzangu, nami nikajifanya sikusikia.

Klabu ya afya itakuwa na mjadala, kwa hiyo nina swali la kitaalamu. Je, mtu anaweza kuumwa tumbo kila Ijumaa, na Jumatatu akawa mzima? Na tumbo la namna hiyo likiendelea miezi mitano, ni ugonjwa gani?

Mlezi wa bweni, ambaye husoma barua zetu zote zinazotoka kabla hazijafungwa, anakusalimu. Ni mtu mwema.

Mimi mtoto wa kaka yako.


Zahanati
3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki tatu. Nadhani ilikuja kwa miguu na kulala njiani. Hapa tupo wawili, mimi na mkunga, na jokofu la chanjo linalokoroma kuliko sisi wote. Mwambie baba yako mgongo haupimwi kwa barua. Kuhusu mlango, namuunga mkono mama yako. Mwanamke asipoungwa mkono kwenye rangi, atataka kuungwa mkono kwenye jambo kubwa zaidi. Bibi yako msalimie sana. Nitakuja mambo yakitulia.

Hongera kwa uongozi. Kuhusu swali la klabu, tumbo lina sababu mia moja: minyoo, maji mabaya, njaa, hofu ya mtihani, uvivu wa hesabu za Ijumaa. Waambie wanaklabu wanawe mikono.

Nilikuwa nimeishia hapo na bahasha nimeshaibandika. Nimeichana.

Nijibu jambo moja. Mwenye tumbo hilo ni wewe? Usinieleze kitu, kwa kuwa barua zenu zinasomwa. Kama ni wewe, niandikie kwamba umeivaa sweta niliyokutumia. Kama si wewe, niandikie kwamba hujaivaa. Jibu upesi.

Shangazi yako.


Bwenini
Jumamosi, 22 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sijaivaa sweta. Hata siku moja. Naomba utulie.

Barua hii haijapita kwa mlezi. Leo ni siku ya kutembelewa na nampa mama, ambaye ameahidi kuiweka ndani kabisa ya mkoba wake bila kuuliza. Nyumbani ni wazima. Baba ameanza kutembelea fimbo, anasema ni ya mapambo.

Ni jirani yangu wa kitanda cha juu. Ana miaka kumi na minne. Tunamwita Kiroboto kwa sababu mwaka jana alikuwa harudi kitandani kwa ngazi. Alishika chuma kwa mkono mmoja, akaruka, na mara yuko juu anacheka. Sasa anapanda kwa ngazi, polepole, kama bibi. Darasani analala. Ana viatu vipya ambavyo havai na simu iliyoshonewa ndani ya godoro, na simu ikitetemeka mchana yeye hugeuka rangi.

Kuna mtu anayemjia. Si mjomba wake wa damu, lakini ndivyo anavyojiita, na ndiye anayemsomesha tangu mama yake alipofariki. Bweni zima tunamwita Mjomba wa Sabuni. Mwezi wake wa kwanza kuja hapa alileta katoni sita za sabuni kwa ajili yetu sote, akamwamkia mlezi kwa kuinama, akawauliza wapishi habari za watoto wao kwa majina. Hakuna asiyempenda. Sabuni yake inanukia vizuri. Sote tumeiogea, Shangazi.

Huja Ijumaa mchana. Kiroboto anasema tumbo, mimi naandika "tumbo", Mjomba anampeleka kituo cha afya, na kutoka hapo anaomba Kiroboto akapumzike nyumbani kwake. Anarudi Jumapili. Nimeihesabu mistari hiyo: kumi na moja, yote kwa mwandiko wangu uliosifiwa.

Mara moja niliwasindikiza. Tabibu alimuuliza Kiroboto anaumwa wapi, na Mjomba akajibu. Akamuuliza tangu lini, Mjomba akajibu. Kisha akasema, "Kadi ya zamani imepotea tena, daktari, unawajua hawa mabinti," wote wawili wakacheka, na kadi mpya ikafunguliwa. Kiroboto alikuwa anatazama bango la chanjo ukutani. Alipewa dawa zilezile ambazo nimeona makaratasi yake sandukuni mwake mara mbili kabla.

Jumapili iliyopita nilimkuta bafuni amejifungia. Hakulia. Aliniambia kitu ambacho sitakiandika, na akaniapisha nisimwambie mtu, kwa kuwa akifukuzwa shule hana pa kwenda. Niliapa. Sasa navunja kiapo, na sijui kama mimi ni mwema au ni mbaya.


Zahanati
2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nyingine zitanisamehe leo.

Hukuvunja kitu. Kiapo cha kumlinda anayemuumiza mtoto hakikuwa kiapo tangu mwanzo.

Uliniuliza ugonjwa, nikakuambia unawe mikono. Nilikuwa najua. Ulipoandika Ijumaa, nilijua. Nitakueleza sababu, kisha hatutalizungumza tena mpaka uwe mtu mzima.

Katika hospitali ya kwanza niliyofanyia kazi nilikuwa mapokezi. Msichana wa miaka kumi na mitatu alikuja mara nne katika miezi mitano, kila mara na mtu mzima mwenye adabu nzuri sana. Mtu yule aliniita dada. Alikuwa anajua zamu zangu. Mara mbili nilimpitisha mbele ya foleni, nikawaambia wenzangu laiti wanaume wote wangekuwa na subira ya kumleta mtoto hospitali. Nilimuuliza mtu yule, akajibu yeye, nikaandika "tumbo". Mtoto alikuwa kati yetu, kimo chake kiliipita kaunta kidogo tu, nami niliongea juu ya kichwa chake. Mara ya tano mtoto hakuja na mtu yule. Aliletwa. Sitaandika aliletwaje.

Nyumba ya kwao yule msichana iko njiani kwenda kwa bibi yako. Ndiyo sababu mambo hayajatulia.

Sasa sikiliza. Usimhoji Kiroboto, wala usimtafutie ushahidi. Kumuuliza ni kazi ya waliofundishwa, na kila anayemuuliza bila kujua anamchosha. Mwambie mambo matatu tu: unamwamini, kosa si lake, na umemwambia mtu mzima kwa sababu hukuweza kunyamaza. Atakasirika. Mwache akasirike. Usimguse huyo bwana kwa neno wala kwa jicho. Ile mistari kumi na moja inakili kwenye karatasi, tarehe na saa, umpe mwalimu wa ushauri wa shule yenu mkononi mwake. Yeye, si mwingine. Mimi leo hii namwandikia tabibu wa kituo chenu, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu.

Jilinde, mtoto wangu.


Bwenini
Jumamosi, 26 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Baba amekubali kupimwa. Mgongo si mbaya, ni diski moja imechoka. Nimeanza na habari njema kwa sababu ni moja tu. Barua hii nayo inapita kwa mkoba wa mama.

Nimeharibu. Mwalimu wa ushauri alikuwa semina mpaka Jumatatu. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu tangu Alhamisi, ikawa kama kaa la moto, na mlezi akaniuliza mbona nimenyong'onyea. Nimefundishwa kwamba mkubwa aliyepo ndiye mkubwa. Nikampa yeye.

Hakunigombeza. Alisoma mara mbili, akakaa kitandani kwangu. Kisha akasema mtu hahukumiwi bila kusikilizwa, tena mtu mwenye heshima zake. Ijumaa Mjomba alipokuja, alimpa kiti na maji ya kunywa, akamuuliza kwa heshima kama ni kweli.

Sikuwa mbali. Hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Mama, hata mimi najiuliza mara ngapi mtoto ataumwa bila kupona. Pengine hapa hapamfai." Akamshukuru kwa kuwajali watoto. Wiki iliyofuata ilikuja barua yake kwa mwalimu mkuu: Kiroboto atahamishwa shule mwisho wa muhula, tarehe 16 Mei. Shule gani, hakuandika.

Mwalimu wa ushauri amerudi, nimempa nakala nyingine, naye amekwenda ustawi wa jamii. Wamemwambia wanalishughulikia. Kiroboto nilimwambia yale matatu uliyoniagiza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua godoro lake, akahamia kitanda cha mwisho karibu na mlango. Ameniambia neno moja tu tangu siku hiyo: "Umeniuza." Juu yangu sasa pana nyavu za chuma tupu, naziona kila nikifumbua macho.


Zahanati
5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hii naituma kwa dereva wa gari la wagonjwa, ifike kesho. Namfurahia kaka yangu na diski yake.

Hukuharibu peke yako. Kosa ulilofanya nalijua, ni kosa lenye adabu nzuri, na mlezi wako kalifanya pia, na mimi kabla yenu. Heshima si utumwa, husema wazee, lakini sisi huisema tu.

Tabibu wenu amenijibu. Katika barua ya kwanza alikuwa mkali: nani kakutuma kunifundisha kazi. Siku mbili baadaye alipiga simu ya zahanati mwenyewe, sauti imemshuka. Alikuwa ameingia stoo ya kadi. Amekuta kadi tano za mtoto mmoja, jina limeandikwa namna tatu tofauti. Kila kadi peke yake haisemi kitu: tumbo, dawa, nenda. Alipozipanga mezani kwa tarehe, zilisema. Ugonjwa uleule wa mara kwa mara, ambao mtoto wa umri ule hapaswi kuwa nao, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi kadi nne. Polisi wa dawati la watoto wameshapelekewa kadi hizo. Tatizo ni kwamba mtoto mwenyewe hajasema neno, na huyo bwana, tangu aulizwe kwa heshima, hakanyagi tena hapo.

Lakini atakanyaga. Mwanafunzi hahami bila fomu ya afya: urefu, uzito, macho, na muhuri wa kituo. Lazima amlete.

Nimeongea na muuguzi wa pale. Kuanzia wiki hii mizani imehamishiwa nyuma ya pazia, na kila mtoto aliyefika umri wa shule atapimwa peke yake. Kila mtoto, si Kiroboto tu, ili asionekane mmoja. Hakuna ujanja katika hilo. Ni jambo ambalo tungekuwa tumelifanya miaka yote.

Wewe huna kazi ya kufanya siku hiyo. Kama mlezi atakuagiza uende na daftari, nenda na daftari.


Bwenini
Jumapili, 18 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nyumbani nitafika kesho, kwa hiyo habari zao nitakuandikia kutoka huko.

Ilikuwa juzi. Mlezi aliniambia nichukue daftari, na akaja yeye mwenyewe, amevaa viatu vyake vya kanisani. Njiani hakuna aliyezungumza isipokuwa Mjomba, ambaye alisifu hali ya hewa. Kiroboto alivaa vile viatu vipya. Vinambana.

Kituoni kulikuwa na watoto wengi. Kila mmoja aliitwa, akaingia nyuma ya pazia, mama akabaki kwenye benchi. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alilia, muuguzi akalifungua pazia, akamwonyesha kwamba mizani haiumi kwa kuipanda yeye, na sote tukaona mshale ulivyokimbia, tukacheka. Kisha akamwita Kiroboto. Mjomba alisimama pamoja naye.

"Nitaingia naye, dada. Ana aibu sana huyu."

"Mzee wangu," muuguzi alisema, "hata mtoto wa mganga mkuu hupimwa peke yake hapa. Kaa, upumzishe uchovu wa safari."

Aliongea kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni. Mjomba alicheka, akakaa. Alikaa karibu nami. Aliniuliza ninasoma mchepuo gani, akasema wasichana wenye bidii kama mimi wanahitaji watu wa kuwashika mkono. Sikumjibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutomjibu mtu mzima, na mlezi, aliyekuwa upande wa pili, hakunikemea. Aliuweka mkono wake juu ya daftari, juu ya mkono wangu.

Watoto wengine walikuwa wanatoka baada ya dakika moja. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika nne. Dakika tisa. Tabibu alipita kwenda chumba cha dawa, ambako afisa ustawi wa jamii na askari wa kike asiye na sare walikuwa wamekaa, ingawa mimi sikujua. Dakika ya kumi na mbili Mjomba alisema anakwenda kununua maji. Alikwenda bila haraka. Alimuaga hata mlezi.

Askari alipotoka, mahali pake kwenye benchi palikuwa na fomu ya afya ya uhamisho tu, imekunjwa vizuri mara mbili.

Hajapatikana mpaka leo. Simu yake haiiti.

Kiroboto alitolewa kwa mlango wa nyuma na yule afisa. Sikumwona. Nini kilisemwa nyuma ya pazia, muuguzi hakuniambia wala mimi sikuuliza, kwa sababu nimeanza kujua yapi si yangu. Wasichana wananiuliza yuko wapi, nasema anatibiwa. Stoo bado kuna katoni moja ya sabuni. Hakuna anayetaka kuigusa, na hakuna anayejua mtu hutupa vipi sabuni.

Mlezi ameomba msamaha kwangu. Sijawahi kuombwa msamaha na mtu wa umri wake. Sikujua mikono niiweke wapi.


Zahanati
11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Jokofu limetengenezwa na sasa ni kimya, hatupati usingizi.

Wamenipigia kwamba mtoto yuko mahali salama na anakula. Kula ni habari kubwa, iandike hivyo moyoni. Kuhusu yule bwana, sina la kukufariji. Watu wa namna yake hubeba sabuni yao wakaenda bweni lingine. Lakini picha yake na kadi tano zimepelekwa kila kituo cha afya cha mkoa wenu, na tabibu wenu amekwenda mwenyewe kuzieleza, vituo tisa mpaka sasa, na kila anapofika huanza kwa kusema, "Sahihi hizi ni zangu." Nilimdharau, sasa namheshimu.

Nimeomba likizo ya Agosti. Nitakuja kwa njia ileile, mchana, kwa miguu. Nitabisha hodi katika ile nyumba. Sijui kama watanifungulia. Mwambie bibi yako aniwekee kiti.


Bwenini
Jumapili, 20 Julai

Shangazi, shikamoo.

Bibi ameshakiweka kiti, tena ametukataza kukikalia. Mama anatishia kukipaka kijani.

Muhula huu mlezi ameleta daftari jipya, akaniachia nilichore mistari. Nimeongeza safu moja mwishoni, "Aliyejibu". Sasa haijalishi nani kamleta mgonjwa; lazima niandike ni nani aliyesema anaumwa nini. Tabibu aliiona, akaniomba rula, naye akachora safu hiyo kwenye kitabu chake.

Jumatano Kiroboto amerudi. Anaishi na mama mmoja aliyetafutwa na ustawi wa jamii kwa sasa, lakini mitihani anataka kuifanyia hapa, na siku za shule analala bwenini, kilekile kitanda cha mlangoni. Alikuja na afisa, na viatu vyake vya zamani. Amekonda. Hakuniangalia, na nilikaa mbali kama ulivyonifundisha.

Ijumaa mchana alikuja mezani kwangu. Sikumuuliza kitu. Alisema mwenyewe, huku anatazama daftari, kwamba siku ile alipimwa, muuguzi akasoma uzito, akamwambia ashuke, na yeye hakushuka. Muuguzi hakumharakisha. Alikaa kwenye kigoda, chini yake, akamsubiri.

"Nilimuuliza, nikishuka hapa nitarudi kwake? Akaniambia leo hurudi kwake. Sikumwamini. Lakini miguu ilikuwa imechoka."

Kisha akaniambia nimwandike. Nimekunakilia mstari wenyewe:

Ijumaa, 18 Julai. Anaumwa: halali usiku, anaogopa. Anakwenda: kituo cha afya, kwa yule muuguzi. Aliyejibu: mwenyewe.

Aliporudi alibeba godoro lake kutoka mlangoni mpaka kitandani kwetu. Nilishika upande mmoja, hakukataa. Hakuruka, Shangazi. Alipanda kwa ngazi, kipago kimoja kimoja, akafika juu.